Ripoti imeweka tiki ya kijani kwenye dawa ya magugu isiyo na kiwango. Hiyo tiki imetoka wapi?

#1 Mtungi_Mkavu
Wakuu, salaam. Nimeshika ripoti ya mwaka ya maji ya bomba tunayokunywa, kurasa nne. Kila mstari una jina la kitu, kiasi kilichopatikana, kiwango cha juu kinachoruhusiwa, na mwisho tiki ya kijani. Mstari wa chini kabisa: metolaklori, imepatikana, mikrogramu 1.4 kwa lita. Kwenye safu ya kiwango wameandika "hakuna". Na tiki ipo palepale, kijani kama wenzake.

Nimeitafuta hiyo metolaklori, ni dawa ya kuua magugu shambani. Kama kiwango hakuna, tiki wameitoa wapi? Na imefikaje kwenye bomba langu?

#2 Mpiga_Soga
Tiki ni ya kuonyesha kwamba aliyepima alifika kazini. Nimevuta kiti, endeleeni.

#3 Karani_wa_Sheria
Kisheria wala hawajadanganya. "Yanakidhi viwango" maana yake yamekidhi vile vilivyopo. Usichowekewa mstari huwezi kuuvuka.

Chukua Marekani, kwa sababu orodha yao iko wazi kwa kila mtu. Sheria yao ya maji ya kunywa ni ya 1974, na vitu vyenye kikomo cha lazima ni kama 90. Dawa za magugu zimo: atrazini mikrogramu 3 kwa lita, alaklori 2, simazini 4, 2,4-D 70, glaifoseti 700. Metolaklori hamna. Asetoklori hamna. Dikamba hamna. Na hizo tatu zinapuliziwa kila msimu, si dawa za makumbusho.

#4 Mama_Pacha
Sasa si waziongeze tu kwenye orodha? Kuna ugumu gani?

#5 Karani_wa_Sheria
@Mama_Pacha ugumu upo. Kila miaka 5 wanachagua vitu visivyozidi 30 ambavyo havina kikomo, maji yanapimwa, takwimu zinakusanywa, halafu ndipo wanakaa kuamua. Asetoklori iliingia mzunguko wa kwanza kabisa, 2001 hadi 2005. Kikomo cha lazima bado haina.

Kuna kisa cha DCPA ambacho huwa nakitaja kila mahali. Ni dawa ya magugu ya mashamba ya mboga, na mabaki yake yalishaonekana kwenye maji. Mwaka 2008 mamlaka ya mazingira ya Marekani ikatoa uamuzi: hakuna haja ya kuyawekea kikomo kwenye maji ya kunywa. Agosti 2024 mamlaka hiyohiyo ikaisimamisha dawa yenyewe kwa amri ya dharura, kwa sababu inaweza kuvuruga homoni za koo la mtoto aliye tumboni. Miaka 16 katikati. Sasa mtu akikuambia "haina kiwango kwa hiyo haina shida", mkumbushe hiyo.

#6 Mzee_wa_Matuta
Ngojeni kidogo kabla hamjatufunga pingu sisi wakulima. Mwaka wa 20 huu napulizia. Kila muuzaji amenifundisha neno moja: dawa ikigusa udongo imekufa. Sasa hiyo iliyokufa inafufukaje kwenye bomba la mtu?

#7 BikaSita
Mzee shikamoo. Muuzaji hakukudanganya, ila alikuwa anaongelea dawa nyingine. Parakwati na glaifoseti zinang'ang'ania udongo wa mfinyanzi, na zikishashika hapo haziui tena mmea. Hiyo ndiyo "imekufa" yake.

Atrazini, metolaklori na asetoklori ni ukoo tofauti. Hizo unapulizia kabla gugu halijaota, kwa hiyo ni lazima zibaki hai ndani ya udongo, ziyeyuke kwenye unyevu, zikutane na gugu pale linapochipua. Sasa dawa iliyotengenezwa iweze kutembea na unyevu hadi kwenye mzizi, mvua kubwa ikija unadhani itakaa imejishikilia?

Kwa taarifa yenu nipo kwenye mtambo wa kusafisha maji, zamu ya usiku, ndiyo maana nina muda wa kuandika insha.

#8 Mzee_wa_Matuta
Marahaba. Nimekuelewa, ingawa sijafurahi.

#9 Kokotoo
Hebu tuweke hesabu, maana watu wanaona mikrogramu ni kitu cha kwenye vitabu. Ulaya kikomo ni mikrogramu 0.1 kwa lita kwa kila kiuatilifu, na 0.5 kwa jumla ya vyote. Gramu 1 ni mikrogramu milioni 1. Kwa hiyo gramu 1 ya dawa inatosha kufikisha lita milioni 100 kwenye kikomo hicho. Gramu MOJA.

#10 NusuLita
@Kokotoo sifuri moja imekuponyoka. Milioni 1 gawanya kwa 0.1 ni milioni 10. Lita milioni 10.

#11 Kokotoo
Kweli, nimepokea. Milioni 10. Bado ni karibu mabwawa manne ya kuogelea ya Olimpiki kwa gramu moja. Kwa kikomo cha Marekani cha atrazini, gramu hiyohiyo inafikisha lita 333,000 hivi.

#12 Mpiga_Soga
Jina lenyewe Kokotoo, halafu sifuri zinatoroka. Sawa.

#13 Bi_Mwanzi
Kabla hamjaisujudia hiyo 0.1 ya Ulaya, ijueni ilikotoka. Iliwekwa kwenye agizo la 1980, na haikutokana na uchunguzi wa afya. Ilikuwa takriban kiasi kidogo kabisa ambacho mashine za wakati ule zingeweza kukiona. Maana yake ilikuwa "hatutaki kuviona humu", basi. Kwa hiyo 0.2 haikuui, na 0.09 si dawa ya kikohozi.

#14 Chura_Dume
Bi Mwanzi, afya nayo ina habari zake. Mwaka 2002 mtafiti Tyrone Hayes wa California alionyesha kwamba atrazini kwa 0.1 tu iliwavuruga vyura madume wakaota via vya kike. Mwaka 2010 akarudi na 2.5: dume 1 kati ya 10 akageuka jike kabisa, hadi kutaga mayai. Hiyo 2.5 iko CHINI ya kikomo cha Marekani. Na Shirika la Afya Duniani nalo linasema mwisho ni 2.

#15 Bi_Mwanzi
@Chura_Dume hapo mwisho umepitwa. Ile 2 ilikuwa ya zamani. Sasa hivi mwongozo wao kwa atrazini pamoja na mabaki yake yenye klorini ni mikrogramu 100. Waliipandisha mara 50.

Na hao vyura: mwaka 2007 mamlaka ya mazingira ya Marekani ilipitia tafiti ikasema haioni madhara kwenye ukuaji wa via vya vyura. Hayes alikataa, ubishi ukawa wa miaka. Mimi sisemi nani mkweli. Nasema usilete chura mmoja kama hukumu.

#16 Chura_Dume
Kikomo kinapanda mara 50 halafu mimi ndiye wa kutiliwa shaka. Haya.

#17 Mtungi_Mkavu
Naomba mnisaidie kwa dawa yangu mimi, ile metolaklori 1.4.

#18 Karani_wa_Sheria
Shirika la Afya Duniani: mwongozo wa metolaklori ni 10, kwa hiyo uko chini. Ulaya: 0.1, kwa hiyo umezidi mara 14. Marekani: hakuna kikomo cha lazima, kwa hiyo hakuna cha kuzidi.

#19 Mtungi_Mkavu
Glasi moja hiyohiyo niliyoishika mkononi.

#20 Mpiga_Soga
Inywe ukiwa umesimama mpakani.

#21 Kisima_Kirefu
Wote mnaongelea mvua na mto. Wengine tunakunywa ya ardhini, na huko hadithi ni nyingine. Ujerumani ilipiga marufuku atrazini mwaka 1991. Miongo imepita na bado wanaikuta kwenye maji ya ardhini, yenyewe na mabaki yake. Ulaya nzima wakaikataa 2003. Chini kule hakuna jua, hakuna vijidudu wa kutosha kuila, na maji yanatambaa polepole. Unachokunywa leo huenda kilipuliziwa na babu yako.

Halafu kuna hili la mabaki. Metolaklori ikivunjika udongoni inazaa watoto wawili wanaoitwa kwa kifupi ESA na OXA. Hao wanayeyuka kwenye maji kuliko mama yao, na kwenye visima mara nyingi ndio wanaokutwa wengi. Maabara ikipima mama peke yake itakuambia "kidogo tu". @Mtungi_Mkavu angalia ripoti yako, hao wametajwa?

#22 Mtungi_Mkavu
Hawapo. Kuna metolaklori tu.

#23 Kisima_Kirefu
Ndivyo ilivyokuwa Denmark na kloridazoni, dawa ya magugu ya viazisukari. Waliacha kuitumia miaka ya 1990. Mwaka 2017 ndipo wakaanza kulitafuta baki lake kwenye maji ya ardhini, wakalikuta visima kwa visima. Miaka yote hiyo lilikuwepo, hakuna aliyekuwa ameliuliza.

#24 BikaSita
Kisima yuko sahihi kwa visima. Kwa mto niwaeleze inavyokuwa, kwa sababu naiona kwa macho.

Mvua ya kwanza kubwa baada ya watu kupulizia, maji yanaingia mtamboni yana rangi ya matofali. Tunapanga bika sita, vikombe vya kioo vya maabara, mezani, kila moja na dozi yake ya shabu, vikasia vinakoroga, halafu tunasubiri. Tope linajikusanya vipande kama pamba, linashuka chini taratibu. Bika iliyong'aa kuliko zote ndiyo dozi ya usiku huo. Ukiinua kwenye taa unaona alama za kidole chako upande wa pili.

Basi atrazini iliyokuwemo kwenye maji ya tope, karibu yote bado imo kwenye hayo yanayong'aa. Shabu inakamata chembe. Kilichoyeyuka kinapita, kinapita chujio la mchanga, na klorini nayo haikimalizi. Kinachokishika ni kaboni iliyoamilishwa, ule unga mweusi unaoingia hadi kwenye kope. Kaboni tunaiongeza tukijua kuna kitu. Kujua kunataka kipimo. Na majibu ya kipimo yakirudi, maji yenyewe yameshanyweka.

#25 Karani_wa_Sheria
Na hapo hujaingiza ujanja wa wastani. Kwa Marekani kikomo cha atrazini kinahesabiwa kwa wastani wa mwaka. Tuseme robo ya mvua imepatikana 9, nyingine 1, mbili zilizobaki nusu nusu. Jumla 11, gawa kwa 4, ni 2.75. Umefaulu. Ile miezi iliyopata 9 imelainishwa na miezi mikavu.

#26 Bi_Mwanzi
Karani, wastani una mantiki yake. Kikomo chenyewe kimekokotolewa kwa mtu anayekunywa maji hayo maisha yake yote, si wiki mbili.

#27 Mama_Pacha
Mimba nayo si ya maisha yote. Ni miezi 9, na wiki za hatari zinahesabika. Wastani wa mwaka unanisaidia nini mimi?

#28 Bi_Mwanzi
Hapo umenishika, dada.

#29 Mzee_wa_Matuta
Nina la kusema, msinicheke. Mnasema mvua, mvua. Mimi naona kuna jingine hamlitaji.

Zamani tulichanganyia dawa palepale kisimani. Mpira wa maji nimeuzamisha ndani ya pipa la lita 200, dawa nimeshamimina, maji yamekuwa meupe kama maziwa, povu juu. Pampu ikazima ghafla. Nimesimama naangalia povu linashuka. Linashuka, na pipa halina tundu. Nilikaa kama mjinga hadi nikaelewa: mpira unanyonya, mchanganyiko unarudi kisimani. Nikarukia kuuchomoa. Alama ya povu ikabaki juu ya ukuta wa pipa, vidole vinne juu ya maji.

Toka siku ile mpira wangu hauzami, unaning'inia juu ya pipa. Lakini ni wangu mimi. Majirani sijui.

#30 Kokotoo
Mzee, heshima kwa kusema. Vidole vinne kwenye pipa la lita 200 ni kama lita 16. Tukisema kila lita ilikuwa na gramu 5 za dawa halisi, ni gramu 80. Zidisha kwa milioni 10 za @NusuLita: lita milioni 800 zinafikia kikomo cha Ulaya. Safari hii nimezihesabu sifuri mara mbili.

#31 NusuLita
Zimetimia.

#32 Chura_Dume
Basi kesi imekwisha, chanzo ni kuchanganya na kuosha mabomba ya mgongoni kwenye vyanzo vya maji. Nimeona watu wakisuuza bomba mtoni, wanalipeperusha kama wanaosha sufuria, maji meupe yanateremka.

#33 BikaSita
Haijaisha. Ingekuwa kuosha tu, tungeona vijipande vya hapa na pale msimu wote. Tunachokiona ni mlima mmoja: mvua kubwa, unapanda, wiki chache unashuka. Hiyo ni shamba zima linasuuzwa.

#34 Mzee_wa_Matuta
Mwanangu, watu wanapulizia lini? Siku zilezile za mvua kunukia. Wanaosha lini? Jioni ya siku hizohizo. Mlima wako unaweza kuwa wetu sote wawili.

#35 BikaSita
Hilo siwezi kulipinga nikiwa hapa mezani.

#36 Bi_Mwanzi
Nami niongeze chumvi kwenye kidonda. Mkipima glaifoseti, watu hupima pia baki lake AMPA. Wakiikuta wanasema "mkulima huyo". AMPA inaweza pia kutokana na aina fulani ya fosfoneti zinazowekwa kwenye sabuni za kufulia. Kwa hiyo chini ya mji usishangae AMPA ikatoka kwenye mabeseni yetu.

#37 Mpiga_Soga
Kumbe mtuhumiwa ni shati langu.

#38 Mama_Pacha
Nina swali la kitoto. Kule kubadilika rangi watoto wachanga wakawa wa bluu, ndiyo dawa hizi? Nimesikia ni maji ya mashambani.

#39 BikaSita
Hapana dada, hiyo ni naitreti, ya mbolea na vinyesi. Inaizuia damu ya mtoto kubeba oksijeni. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita. Angalia kipimo: MILIgramu. Kuchanganya ni rahisi kwa kuwa vyote vinatoka shamba moja kwa mvua moja. Ndiyo maana naitreti ikipanda, mimi hushuku na dawa zipo, ingawa si lazima.

#40 Mama_Pacha
Ahsante. Na nikichemsha? Huwa nachemsha kila siku.

#41 Kokotoo
Endelea kuchemsha kwa ajili ya vijidudu. Dawa za magugu hizi hazipai na mvuke. Maji yanapungua, zenyewe zinabaki, kwa hiyo ukichemsha sana unazikoleza kidogo.

#42 Chura_Dume
Weka mkaa wa jikoni ndani ya ndoo. Si kaboni ileile?

#43 BikaSita
Ni binamu, si yeye. Iliyoamilishwa imetobolewa vitundu hadi gramu 1 ikafikia eneo la mita za mraba 500 na zaidi. Mkaa wa jikoni utashika kidogo, kiasi usichokijua, na unakuja na majivu yake.

Na hata vichujio vya kaboni vya nyumbani vina shida moja hawaisemi sana: kikishajaa hakitoi ishara. Maji yanatoka meupe, ladha nzuri, dawa inapita kama hakuna mlango. Wale watoto ESA na OXA ndio wa kwanza kupenya. Badilisha kwa tarehe, usisubiri ladha.

#44 Kisima_Kirefu
Ulaya metolaklori ya sasa, ile wanayoiita S, haikuhuishiwa kibali mwaka 2024, na hayo mabaki kwenye maji ya ardhini ni miongoni mwa sababu. Wameona kuzuia mlangoni ni rahisi kuliko kuchuja.

#45 Mzee_wa_Matuta
Mlango wa nani? Njoo upalilie ekari 10 kwa jembe ndipo tuongee milango. Mvua haikungoji.

#46 Karani_wa_Sheria
Mzee ana hoja, na si ndogo.

#47 Mtungi_Mkavu
Wakuu nimerudi. Jana nilipiga simu maabara kutaka wapime maji ya kwangu. Dada wa mapokezi akaniuliza, "Tupime nini?" Nikamwambia dawa za magugu. Akasema, "Ipi? Nitajie majina, kila moja ina kipimo chake." Nikataja metolaklori, na wale ESA na OXA wa Kisima. Kuhusu hao wawili akaniuliza herufi zake mara mbili.

Leo asubuhi nikapanda na mto hadi kwenye mashamba ya juu. Kando ya maji nikakuta dumu tupu la lita 5, limetupwa, mdomo wazi. Lebo imeliwa na jua. Kinachosomeka ni maneno matatu, "kabla ya kuota", na chini yake namba 960.

#48 BikaSita
Hiyo 960 pengine ni gramu za dawa halisi kwa lita. Metolaklori huwa inauzwa kwa ukali huo, ila usiniwekee kiapo. Pembeni ya namba kuna herufi?

#49 Mtungi_Mkavu
Kuna herufi moja, ama E ama F. Imepasuka katikati.

#50 Mzee_wa_Matuta
Geuza kitako. Mengine huchapwa chini kwenye plastiki yenyewe, jua haliifikii. Na usilishike kwa mkono mtupu, bado lina matone ndani.

#51 Mtungi_Mkavu
Nimeliacha kulekule, nimeliegemeza kwenye jiwe ili lisitumbukie. Kesho narudi na glovu.